Kikopo cha Uzi Mwekundu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kuchukua miwani. Tulipotoka akaniambia, bibi, usirudi Michenzani na njaa, twende nikakunyweshe chai mjini. Miye mjini sipendi kwenda siku hizi. Nyumba nilizozijua zimegeuka mahoteli, na baraza nilizokalia zimepangwa viti vya wageni. Lakini nilikuwa na macho mapya, nikasema haya, twende nikaone walivyopaharibu.

Tukaingia mkahawa mmoja kwenye kichochoro cha kuelekea Shangani. Mwenyewe ni mama wa Kihindi wa hapa hapa mjini, mtu wa makamo, akanipa shikamoo yake vizuri na akatuweka karibu na ngazi, penye upepo. Chai ilikuja na tangawizi ya kutosha, hilo sitalisema vibaya. Nikainua kikombe, nikainua na macho, na ukutani mbele yangu, ndani ya fremu nyeusi pana kama sinia, nikamwona marehemu bibi yangu kichwa wazi.

Nilikiweka kikombe chini. Mjukuu wangu alikuwa keshainuka na simu yake anaipiga ile picha kwa uzuri wake, maana hakuwajua waliomo. Alipouona uso wangu aliirudisha simu mkobani, akakaa.

Sasa ngoja nikueleze, wewe unayesoma, kwa nini bibi yangu hakupaswa kuwepo pale. Usichoke, maana mambo haya yanaanzia mbali kidogo.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kwenye nyumba ya Kiponda yenye uwa mdogo na bomba lililokuwa likilia kama paka kabla ya kutoa maji. Mama yangu aliolewa tena Pemba, akaniacha nna miaka minne. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, miye, na mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa bibi, ambaye alikuwa bado hajaoa. Mjomba alikuwa karani bandarini. Kazi yake ilikuwa kuandika makasha yanayoshuka, lakini ukimuuliza yeye ni nani hakukwambia karani. Alikwambia, miye mpiga picha. Hakuwa na duka wala hakumpiga mtu kwa malipo. Alikuwa na kamera moja ndani ya mkoba wa ngozi, aliyoipata kwa baharia, na aliipenda kuliko viatu vyake, na viatu vyake alivipenda.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa ananigonga mguu kwa kidole, nami naamka bila kuitwa mara mbili. Kazi yangu ilikuwa kubeba kitambaa cha kufutia kioo cha kamera na mkoba wa chakula, na ndani ya mkoba bibi alitia mkate wa kumimina na chupa ya chai. Tulikwenda Bububu, tulikwenda Chwaka, tulikwenda Makunduchi, ambako watu walisema maneno nisiyoyafahamu na mjomba akajifanya anayafahamu. Tukisimama mahali mjomba alitazama mwangaza kama bibi anavyotazama wali, kama umeiva au bado. Alikuwa na usemi wake: jua la saa sita ni la kuanikia karafuu, jua la saa kumi ndilo la kupigia picha. Basi mchana tulikaa kivulini tukatafuna muhogo wa kuchoma, tukangoja jua lishuke. Miye sijapata kuona raha kama ile ya kungoja na mtu anayejua anachokingoja.

Picha alizisafisha mwenyewe katika stoo ya nyuma. Dirisha alilizibia blanketi, taa aliivika karatasi nyekundu, na dawa alizimimina katika mabakuli ya bibi. Bibi aligombana naye mpaka akachoka, mwisho akayatia mabakuli yale mawili alama ya mkaa chini, akasema haya si ya chakula tena, na nikiliona la tatu limepotea, wewe na kamera yako mtalala baraza. Miye niliruhusiwa kuingia stoo nikikaa kimya. Karatasi nyeupe ilikuwa inaelea kwenye dawa, halafu taratibu mtu anatoka. Kwanza zinakuja nywele, kisha macho, mwisho kabisa ngozi. Harufu ile ya dawa ilikuwa kali, inakaa puani siku mbili. Leo hii nikipita penye siki kali namkumbuka mjomba, nikitaka nisitake.

Jambo moja nililomwamini kwalo ni hili. Jumapili moja tulikwenda Mkokotoni. Ilikuwa siku ya soko kubwa, samaki wanapigwa mnada, vyombo vinakuja na kwenda Tumbatu, watu wanateremka na mizigo kichwani huku maji yamewafika magotini. Mama mmoja wa Kitumbatu aliteremka na mzigo wa ukindi wa kusukia mikeka, amenyooka kama mlingoti, na mjomba akainua kamera. Yule mama akamkunjia uso. Mjomba akashusha kamera, akaifunika kioo, akamwinamia kichwa. Kisha akanigeukia akaniambia, "Mtu akikunja uso, kamera inafunga mdomo. Sura ni mali ya mwenyewe." Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimtazama mjomba wangu siku ile nikaona hakuna mwanamme muungwana kama yeye Unguja nzima.

Siku ile ile alinipiga miye. Alinivika kofia yake, akanishikisha mtungo wa changu aliomnunulia bibi, akanisimamisha ufukweni. Samaki wakawa wananichuruzikia maji miguuni, nikacheka, na hapo hapo akabonyeza. Ilikuwa picha yangu ya kwanza. Mama alikuwa ameleta habari kutoka Pemba kwamba hanijui tena nimekuaje, na mjomba akasema picha hii tutampelekea yeye, amuone binti yake ana meno mangapi. Filamu ikaishia pale. Mjomba akaitoa, akaitia katika kikopo chake cha bati, akanipa niishike njia nzima. Nililala garini nimeikumbatia.

Siku nne baadaye jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa anaoza binti yake. Jirani huyu alikuwa mwanamke mzuri, mcheshi, ana mume mkali wa mapendo na mkali wa ghadhabu. Akaja kwa bibi akasema wakwe wanataka picha ya mwali alivyopambwa, na mpiga picha mwanamme hawezi kuingia ndani, basi hatuwezi kumtuma huyu mtoto na kamera ya mjomba wake? Bibi akafikiri sana. Akakubali kwa sharti: picha tatu, za mwali peke yake, amejifunika anavyotakiwa, kisha kamera inarudi nyumbani. Mjomba alinifundisha siku mbili. Jua likae mgongoni kwako. Kaza viwiko mbavuni. Vuta pumzi, ishike, bonyeza.

Wewe kama umezaliwa hapa unajua ngoma ya wanawake inavyokuwa. Mlango unatiwa komeo. Hata vitoto vya kiume vya miaka saba vinatolewa nje vikalie kwa baba zao. Basi kule ndani wanawake wanavua mabuibui, wanafunga kanga viunoni, na yule mtu mzima unayemjua barabarani kwa mwendo wake wa heshima, ndani unamuona mwengine kabisa. Nilimpiga mwali zile tatu. Kisha ngoma ikakolea. Jua la saa kumi lilikuwa limeingia uani limeshuka ukutani lina rangi ya samli, na jirani yetu akajitosa katikati, mikono juu, kiuno chake kinakwenda peke yake kama hakikuwa chake. Nyuma yake bibi yangu amekaa mkekani kichwa wazi, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama, anacheka mdomo wote. Bibi alikuwa hacheki nyumbani. Nikakaza viwiko mbavuni.

Nilibonyeza mara tisa. Pamoja na zile tatu za mwali, filamu nzima ikaisha.

Bibi aliniona nilipobonyeza ya mwisho, akavuta kanga kichwani, lakini kidole changu kilikuwa kishafanya kazi yake. Hakunipiga pale. Alininyang'anya kamera akaikalia, akapiga makofi na ngoma kama hakukutokea kitu, ili wenzake wasifadhaike. Nyumbani ndiko nilikolipata langu. Kisha akamwita mjomba, filamu ikatolewa, ikatiwa kikoponi. Na miye, huku natokwa na machozi, nikachomoa uzi mwekundu kwenye foronya niliyokuwa naitia nakshi, nikakifunga kile kikopo, kisije kikachanganyika na cha Mkokotoni. Vikopo vilikuwa viwili tu juu ya rafu ya stoo. Kimoja hakina uzi na kimoja kina uzi.

Asubuhi jirani alikuja. Wambea walikuwa wameshamfikia. Hakuja kugombana, na laiti angegombana. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akasema, "Bi, mume wangu akiiona ile, mimi sina ndoa." Basi.

Bibi akamwita mjomba. Akamwambia filamu itiwe moto pale pale, mbele ya jirani, mbele ya mtoto aliyefanya uharibifu, wote waone kwa macho yao. Mjomba alisimama kidogo. Akasema, mama, zimo na za mwali. Bibi akasema mwali ataolewa bila picha, mimi niliolewa bila picha na wewe ukazaliwa. Mjomba akenda stoo. Hakukawia sana, lakini alikawia. Akarudi na kikopo chenye uzi mwekundu. Akaufungua uzi kwa adabu, akautia mfukoni, akatoa filamu ndani, akaiweka juu ya makaa ya seredani ya bibi. Ilijikunja kama mdudu, ikatoa moshi mweusi, ikanuka vibaya hata jirani akaziba pua kwa ushungi.

Mjomba akasema, "Imekwisha, mama. Hakuna atakayeiona."

Bibi yangu alikuwa si mtu wa maneno ya kubembeleza. Siku ile alimwekea mwanawe mkono kichwani akasema, "Radhi zangu ziwe nawe popote utakapokuwa." Jirani alilia kwa kushukuru, na jioni alileta sahani ya bokoboko imefunikwa kawa. Miye niliila kwa raha, kwa sababu kosa langu lilikuwa limeungua na hakuna aliyedhurika. Nilikatazwa kamera tokea siku ile, nikaona ni haki. Sijaishika tena.

Baada ya wiki nilimuuliza mjomba picha zangu za Mkokotoni ziko wapi, mama anangoja. Akaniambia mwangaza uliingia ndani ya kamera, hazikutoka hata moja. Alinipa kashata mbili. Nikamwandikia mama kwa mkono wangu mbaya kwamba picha imeharibika, tutapiga nyengine. Hatukupiga. Mama alikufa Pemba mwaka uliofuata, na alivyonijua ni kwa miaka minne ile tu.

Sasa umeshafahamu nilichokiona nikiwa na kikombe cha chai mbele yangu. Vikopo viwili, filamu mbili, na uzi mmoja unaoweza kufungwa na kufunguliwa na mtu yeyote mwenye vidole. Nimeishi zaidi ya miaka hamsini nikiamini kwamba makaa ya bibi yalichoma dhambi yangu. Kumbe yalinichoma miye, na kofia ya mjomba kichwani, na samaki mkononi.

Na mtu huyu miye nilimuuguza. Alipopata maradhi yake ya mwisho, wanawe wako mbali, nani alimtilia uji kwa kijiko? Chini ya kitanda chake lilikuwako kasha, na kila nikitaka kufagia alinikataza nisilisogeze, akisema ni makaratasi ya kazini. Miezi mitano nilifagia kulizunguka. Alikuwa na miezi mitano ya kuniambia. Mwaka wa saba huu tokea tumzike.

Nilimwita yule mama wa Kihindi nikamuuliza picha hii kaipata wapi. Akasema kainunua na fremu yake kwa muuza vitu vya kale wa Mlandege, ambaye alinunua kasha zima la filamu kwa watoto wa marehemu mmoja. Nyengine, na filamu yenyewe ya hii, zimeshakwenda na wageni, hajui nchi gani. Akasema kila anayeingia anauliza nani kaipiga hii, maana inaonekana ni ya mtu aliyekuwa anajua kazi.

"Mimi," nikamwambia.

Akatabasamu kama watu wanavyotabasamia wazee. Nikainuka nikamwonyesha. Chini ya picha, juu ya mkeka, mbele ya miguu ya jirani, kuna kivuli cha mtoto mwembamba, viwiko vimebanwa mbavuni, kichwa kimeinama. Jua lilikuwa mgongoni kwangu kama nilivyofundishwa. Kisha nikamwonyesha mmoja mmoja. Huyu ni bibi yangu. Huyu anayecheza ni jirani yetu, aliyeahidiwa kwamba haitoonekana. Wale kwa nyuma ni mama zao watu, nnawajua kwa majina na makaburi yao nnayajua.

Wageni wawili meza ya pili walikuwa wanaiangalia ile picha na kugusana kwa viwiko, wanawapenda wale wanawake, hawakuwa na ubaya. Yule mama akasema bibi yake yeye, siku baba yake alipoleta kamera nyumbani, alijifungia chumbani mpaka kamera ikatoka. Akapanda kiti akaiteremsha kwa mikono yake. Nikamwambia fremu ibaki, si yangu. Akaitoa karatasi, akaifunga kwa gazeti, akanipa, na chai hakutaka kuihesabu.

Njiani mjukuu wangu alizungumza sana. Bibi, usiichome. Bibi, huna picha hata moja ya utoto wako, hicho kivuli ndiyo picha yako pekee. Bibi, wote washakufa, nani ataumia? Na mjomba wako labda aliipenda tu, hakuweza kuona kitu kizuri kama kile kinaungua. Nilimwacha aseme. Hilo la mwisho nililifikiri mpaka tukafika Michenzani na kupanda ngazi. Huenda ni kweli. Labda alisimama stoo na vikopo viwili, akasikia mama yake anaita, akawaona wale wanawake alivyowaota, akashindwa. Lakini kukipenda kitu si ruhusa ya kukichukua. Yeye ndiye aliyeniambia sura ni mali ya mwenyewe. Na radhi za mama yake alizipokea uzi ukiwa bado mfukoni mwake.

Niliwasha jiko la makaa kwenye roshani. Nikaitoa picha gazetini, nikaitazama kwa miwani yangu mipya. Sikuwahi kumuona bibi vizuri namna ile, hata alipokuwa hai. Lile jino lake la pembeni nilikuwa nimelisahau. Nilimwomba msamaha, yeye na jirani, nikaitia. Karatasi haikunuka kama filamu. Iliungua upesi, kuanzia kwenye kivuli.

"Imekwisha, bibi," mjukuu wangu akasema.

Maneno yale yale. Na ananipenda, huyu mtoto, kama mjomba alivyonipenda. Nilimtazama naye akatazama upande wa barabarani.

"Lete simu," nikamwambia.

Hakubisha. Aliitoa mkobani, akaifungua, na walikuwamo wote humo, wanawake wa uani kwa jirani, wanacheza ndani ya kioo kidogo, na kile kivuli cha viwiko kiko miguuni pao. Mjukuu akanionyesha pa kugusa ili ifutike. Nikagusa. Simu ikauliza kama nna hakika. Nikaona ina adabu kuliko mjomba, maana yeye hakutuuliza.

Uwa ule siku hizi umetiwa paa na majiko ya hoteli. Seredani ya bibi ililiwa na kutu. Huko nje, nchi za watu, kuna filamu zilizokwenda na wageni, na filamu yenyewe ya ile picha ni mojawapo, hiyo siwezi kuifikia. Niliyoweza kuifikia ni hii ya simuni. Nikavuta pumzi, nikaishika, nikabonyeza kwa kidole kile kile.